Anayeunganisha Majina ya Mihogo

Karani wa takwimu ninayekaa naye ofisi moja hapa Songea huweka majina ya mbegu za mihogo kwenye mtandao, wazi kwa kila mtu, na kuyaunganisha pale majina mawili yanapokuwa ya mbegu moja. Kabla ya kuunganisha huacha kibodi na kuwapigia simu wakulima. "Shikamoo, Bibi Zuhura. Huo muhogo wenu wa Nakapanya ukichemshwa unaiva upesi?" Husikiliza amefumba macho, akisugua kiganja chake gotini, ndipo aandike. Orodha yenyewe niliikusanya mimi kwa miaka sita, na sikumpigia mtu. Jana simu ya mezani kwake iliita akiwa nje uani, nikaipokea. "Siyo wewe," alisema Bibi Zuhura. "Namtaka yule anayeuliza." Nikamwambia amehamishiwa Mbinga, huku nikimwona dirishani akirudi.