Uji wa Mtoto wa Sinema

Juzi, kwenye televisheni ya mgahawa mmoja pale Korogwe, muuguzi alikuwa akihimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Nikamkumbuka bibi yangu.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja gari la sinema lilikuja kijijini kwetu Kwaluguru. Madirisha ya darasa letu yalizibwa kwa magunia, kukawa na joto na harufu ya mkonge. Kwenye shuka jeupe mtoto alikunywa maji ya bwawa, akaharisha, akalala hoi. Mara mashine ikaharibika, picha ikapotea.

Bibi, aliyekuwa akitazama pamoja nasi, alikwenda nyumbani, akarudi na bakuli la uji.

"Yule mgonjwa amelazwa kwa nani?" alimuuliza mwenye mashine.

Kijana wa watu hakucheka. "Shikamoo bibi. Yuko mbali. Wewe wachemshie maji wajukuu zako, utakuwa umemsaidia."

Tangu siku hiyo maji yetu yakawa na harufu ya moshi. "Kunywa, mwenzio apone," bibi aliniambia kila jioni. Nami nilikunywa, nikambakishia mwenzangu kidogo.

Mwisho wa sinema ile sikuuona kamwe. Najua tu kwamba nyumbani kwa bibi hatukuzika mtoto.