Kofia Mfukoni

Alama za mtihani wa taifa hazikumfikisha Lanfen kwenye udaktari. Zilimtupa kwenye unesi, bila kuulizwa. Mama yake akawatangazia majirani wote kwamba binti anasomea udaktari. Sasa mama kalazwa wodi ileile anayojifunzia Lanfen.

“Vua hiyo kofia ya kinesi, mwanangu. Shangazi Pang wa jirani anakuja kuniona.”

Lanfen akaificha mfukoni. Pang alipofika, mwanafunzi mwenzake Lanfen akamchoma mama sindano ya dripu, akakosa mshipa. Akarudia, akakosa tena. Mkono ukavimba.

“Daktari,” jirani Pang akamwambia Lanfen, “huyu nesi wako kasomea buchani?”

Lanfen akaivaa kofia. “Mimi pia ni nesi, shangazi. Mama, lete mkono.”

Mama akatoa mkono, uso akaugeuzia ukutani. Sindano iliingia bila shida, lakini uso haukugeuka.