Tangazo la Ghorofani

Kila Jumatatu Ña Deidamia husikia nyundo ya karani juu ya kichwa chake: misumari minne, mmoja kila pembe ya tangazo. Ubao wa wilaya uko ghorofani. Yeye, tangu akatwe mguu, huuza mikate ya chipa chini mlangoni. Saa nne karani hushuka na chai baridi ya tereré, hunywa kikombe cha kwanza, humpa cha pili kwa mikono miwili, na kumsimulia mpaka ugomvi wa mashemeji zake. Ya serikali huyaachia ubao.

Jumatatu moja alishuka akijisifu. "Tangazo langu la posho ya walemavu limekaa miezi mitatu bila kukunjika hata pembe moja! Leo saa sita ndiyo mwisho wa kujiandikisha."

"Posho ya nani?"

"Ya walemavu, Ña Deida."

Mama akagonga gongo lake sakafuni. "Mwanangu, kwani hili unadhani natembelea kwa maringo?"

Karani alitua kikombe. "Sheria inasema libandikwe," alinong'ona.

"Si ungenibandikia mgongoni!"

Alipanda ngazi akiruka mbilimbili, akarudi na ubao mzima kichwani, fomu na mhuri mfukoni. Fomu waliijaza juu ya kifuniko cha kikapu, saa sita kasoro dakika nane. Kisha akaurudisha ubao ghorofani, maana sheria ni sheria.

Jumatatu iliyofuata misumari minne iligongwa, halafu kichwa kikachomoza dirishani. "Ña Deida! Hili ni la chanjo ya ng'ombe. Una ng'ombe?"

"Sina, mwanangu!"

"Haya, nimekuarifu!"