Ndoo ya Mzee Desmond

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na tafadhali usimwambie mama yako nimesema hivyo. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, lakini hapa Sydney nilikuwa mtoto wa miaka miwili tu, na kama mtoto wa miaka miwili, kila nilichokiokota nilikipeleka mdomoni. Yaani kila nilichokiona, nilikisema. Najua utanijibu kwa Kiingereza kwamba hadithi hii umeshaisikia. Hujaisikia yote. Kaa.

Jumatatu hadi Alhamisi mchana nilikuwa ghalani Ingleburn, nikibeba maboksi mazito kama tembo wenye mimba. Ijumaa na wikendi nilifanya usafi kwenye jumba dogo la makumbusho karibu na bandari, vyumba vitatu tu, vyote vya meli za matanga zilizozama pwani hii. Na Jumanne na Alhamisi jioni nilikuwa darasani, chuo cha watu wazima, nikisoma historia ya bahari. Cheti changu unakijua, kile kilichopo sebuleni kikubwa kuliko televisheni.

Mwalimu wetu alitueleza jinsi meli zile zilivyokuwa zikivuka bahari miezi mitatu, watu wamechoka, maji ya kunywa yamegeuka kijani, halafu meli inavunjika kwenye majabali wakati taa za Sydney zinaonekana kabisa. Lakini mimi sikushika huzuni hiyo. Nilichoshika ni alivyosema kwamba asubuhi yake watu walishuka ufukweni, wakaondoka na mapipa, na mishumaa, na hata viatu vya maiti. Nikajiambia, kumbe! Penye meli iliyozama, mwizi hayuko mbali. Kuanzia siku hiyo nikawa namtafuta.

Nikampata haraka sana. Alikuwa Mzee Desmond.

Desmond alikuwa na miaka sabini na sita, mzungu mwembamba kama mpini wa fagio, anafanya kazi pale kwa kujitolea. Funguo za jumba zima zilining'inia kiunoni mwake. Sasa sikiliza ushahidi wangu. Kwanza, kwenye stoo yangu ya ndoo na madeki, chini ya bomba, aliweka ndoo moja yenye mfuniko na juu yake blanketi. Pili, kila Ijumaa alijifungia humo robo saa nzima. Tatu, akitoka, alikuwa na kichupa mfukoni mwa koti, na nikimsalimia kwa nyuma anaendelea kwenda kama hakusikia. Unaona? Mtu mwenye dhamiri safi huitika salamu.

Siku moja alipoenda kula, nilifunua. Ndani ya maji mlikuwa na kapi la meli, lile gurudumu la mbao linalopitisha kamba ya kupandisha tanga, jeusi, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Ubavuni mwake mtu alikuwa amechonga nyota ndogo. Pembeni ya ndoo palikuwa na daftari. Tarehe, namba. Tarehe, namba. Na kila wiki namba ilikuwa ndogo kuliko ya wiki iliyopita!

Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa kengele ya moto italia. Anapima uzito! Mzee anamega kipande kila Ijumaa, anakitia kwenye chupa, na ameliweka majini makusudi lioze upesi ili asiulizwe lilikokwenda.

Usinicheke. Mimi nimekulia kambini, Tanzania. Kule, kilichofunikwa kilikuwa kimeibwa, na kitu kilicholowa tulikianika. Blanketi, kuni, unga ulionyeshewa, hata vitabu vya shule. Jua lilikuwa ndilo daktari wetu wa bure. Kwa hiyo Ijumaa ile ya Januari, Desmond alipokwishaondoka, nikalitoa kapi, nikalifuta vizuri kwa kitambaa, nikalianika uani juu ya bati, palipokuwa na jua la kukaanga samaki. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana. Naliokoa kapi, na Jumamosi asubuhi namwonyesha bosi mahali palipomegwa. Nilikwishatunga na hotuba. Kwenye hotuba hiyo, nakiri, nilikuwa natoa shukrani kwa medali.

Jumamosi nilifika mapema nikipiga mluzi. Kapi lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi chini. Ufa ulipita katikati ya nyota, na nilipoligusa, vipande vilibanduka kama maganda ya mkate uliokauka. Hapakuwa na mahali palipomegwa. Palikuwa pamepasuka tu, na mpasuaji nilikuwa mimi.

Bosi, mama mmoja mrefu aliyetembea kila siku kama anawahi treni, akatokea nyuma yangu. Akaliona. Hakuniuliza mimi kitu, maana nani angemshuku mtu wa deki? Akamwita Desmond.

"Desmond, nani kaliweka hili juani?"

Mzee alisimama pale akiangalia kama mtu anayeangalia ajali. Akapapasa mfuko wa koti, akatoa kichupa, akakirudisha.

"Jana nilibadilisha maji," alisema taratibu. "Nilibadilisha. Nililitoa ili nimwage yale ya zamani, halafu… nadhani nililirudisha."

"Unadhani?"

"Labda nililiacha nje. Mwezi uliopita niliacha jiko linawaka nyumbani." Akazishika funguo kiunoni. "Labda ni mimi."

Bosi akalainika kidogo, na ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Akamwambia kwamba Bibi Margaret, ambaye mzee wa ukoo wake alizama na meli yenye kapi lile, anakuja kesho saa nane, ametoka mbali kwa treni kwa ajili ya kapi hilo, na kwamba Jumatatu ni vizuri Desmond arudishe funguo, apumzike. Mzee akaitika kwa kichwa. Kisha mzee mwenyewe akanigeukia mimi, mimi!, akaniuliza kama nimewahi kumwona akisahau vitu.

Mwanangu, mdomo huu unaouona haufungiki hata kwa mkutano wa maombi. Siku hiyo ulifungika.

Mchana nilikwenda Auburn kwa Mama Consolata, yule mama wa kanisani kwetu ambaye Warundi wote wa mji huu tulimpelekea matatizo yetu kama posta. Alinipakulia maharage na ndizi. Nikamweleza, nikianzia kwenye blanketi na kichupa, nikitarajia atasema nilikuwa na sababu.

"Huyo mzee ulimuuliza?" alisema.

"Kumuuliza nini, Mama? Mwizi anaulizwa?"

"Ndoo ina nini. Hilo tu. Ulimuuliza?"

"Hapana."

Akaweka kijiko chini. "Kambini walisema mume wangu anauza mahindi ya watu, kwa sababu alikuwa anafunga mlango mchana. Unajua alikuwa anafanya nini mle ndani? Anakohoa. Kifua kikuu. Alikuwa anaficha kikohozi asinitie aibu. Hakuna jirani aliyegonga kuuliza. Na mwisho hata mimi mkewe nilianza kuhesabu debe letu la mahindi." Akanisogezea sahani. "Kula umalize. Kesho uende ukaseme."

"Watanifukuza kazi."

"Hilo hujanijia kuniuliza. Umekuja niseme wewe si mbaya. Mbaya si wewe, ila ukimwacha mzee wa watu aamini kichwa chake kimeharibika, basi nitakuita hivyo mwenyewe, na nitakuita mbele ya kwaya."

Jumapili saa saba na nusu nilimkuta Desmond amekaa stoo kwenye kiti changu cha kuvalia viatu. Nilimsogelea upande wa mbele safari hii, nikamwambia yote. Nilivyofunua, nilivyosoma namba, nilivyoanika. Alinitazama midomo muda wote, akinigeuzia sikio la kushoto, na ndipo nilipoelewa kwamba sikio lake la kulia halisikii kabisa.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe."

"Una hakika?"

"Mzee, nililibeba kwa mikono hii miwili."

Alifunika uso, mabega yakamtikisika, nami sikujua analia au anacheka. Nadhani alifanya vyote. Aliponyamaza akanieleza polepole, bila ukali, jambo ambalo lingechukua dakika mbili kunieleza Ijumaa yoyote ya nyuma. Mbao iliyokaa baharini miaka mingi imekwisha ndani, ni maji tu yanayoishikilia, na imejaa chumvi. Ikikauka ghafla, inasambaratika. Kwa hiyo unailoweka kwenye maji yasiyo na chumvi, unayabadilisha kila wiki, na chumvi inatoka kidogo kidogo. Namba zilikuwa kipimo cha chumvi. Chupa ilikuwa ya kupelekea maji kupimwa. Blanketi lilizuia mwanga, maji yasiote ukungu.

Halafu akauliza, "Kwa nini hukuniuliza?"

Mimi niliyemuuliza mwalimu wangu maswali elfu moja na mia mbili, yeye sikumuuliza hata moja.

Bibi Margaret alifika saa nane kamili, na kofia yake ya kanisani. Babu wa baba yake alikuwa seremala wa meli iliyozama na kapi lile. Nyumbani kwao wana barua yake aliyoichora nyota ileile pembeni, alama aliyoiweka kwenye kila kazi yake. Mwili wake haukuonekana, kaburi hana. Miaka yote bahari haikuwarudishia kitu, mpaka dhoruba ilipofukua kapi lile ufukweni, na aliyeliokota akaliandikisha serikalini kama sheria inavyotaka. Nilisema kosa langu mbele yake na mbele ya bosi. Bibi alinisikiliza. Akanyoosha mkono kuigusa nyota, na Desmond akaushika mkono ule taratibu katikati ya njia, kwa sababu ingebanduka. Bibi akaurudisha mkono mapajani. Alikuwa amepanda treni tatu aje aguse, akaangalia tu.

Desmond hakurudisha funguo. Mimi walinisimamisha miezi miwili, na niliona ni haki. Bibi Margaret hakuwahi kunijibu neno, na sikutegemea ajibu.

Basi mwanangu, nakuambia wazi ili usije ukasema sikukuambia. Utawashuku watu, huwezi kuzuia, damu yetu imepita mahali ambapo kushuku kulituokoa. Lakini kabla hujamweleza wa tatu, mwendee mwenyewe, upande anaosikia, umuulize. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo, maana huwezi kujua ni nani amelala usiku akijishuku kwa kosa lako.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mzito wa kushtaki. Akuwekee watu watakaokugongea mlango kwanza kabla hawajakusema. Na popote utakapofika, mikono yako iache vitu vya watu vikiwa vizima. Amina, na wewe itikia, hata kwa Kiingereza.