Kila Asubuhi Kazi ya Jana Haipo

Jamani, kuna wizi ambao mwizi haondoki na kitu. Sisi ulitukuta ofisini.

Tunafika asubuhi, tunawasha kompyuta, kazi tuliyoimaliza jana haipo. Imerudi ilivyokuwa wiki kadhaa nyuma. Mlango haujavunjwa, umeme haukukatika, na kompyuta zote zipo mahali pake.

Ofisi ni ya kaka yangu mkubwa. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kupanga foleni za wagonjwa kwenye kliniki. Wanaoiandika ni mimi na Miwani, jamaa mmoja kichwa kweli kweli, niliyembembeleza mwenyewe aache kazi yake nzuri aje kwetu. Kaka anashughulika na wateja.

Kaka akaamua, tena kwa sauti iliyofika mpaka meza ya Miwani. "Ni Miwani huyo. Ijumaa anaondoka."

"Kaka, ushahidi uko wapi?"

"Kabla hajaja, hili liliwahi kutokea?"

Nilikereka mpaka kichwa kikaniuma. Mtu nimemtoa kwenye kazi yake ya uhakika kwa maneno yangu matamu, leo afukuzwe kama kibaka? Nikasema hapana, anayefuta nitamkamata mimi.

Tatizo lilikuwa folda yetu ya pamoja. Kila mtu anaingia, anaweka, anatoa, na hakuna anayejua nani kafanya nini.

Nikachukua kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo inazuia mlango, nikaipangusa vumbi, nikaigeuza seva yetu wenyewe ya kutunzia kazi. Humo kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, na kila mtu ana ruhusa zake.

Mimi na Miwani: kusoma na kuandika. Kaka: kusoma tu. Miaka nenda rudi hajaandika hata mstari mmoja wa programu, ruhusa ya kuandika ya nini?

Weee! Jioni hiyo hiyo Mama akapiga simu.

"Nasikia umemnyima kaka yako ruhusa kwenye ofisi yake mwenyewe."

"Mama, sijamnyima. Nimempa ruhusa ya kusoma."

"Ya kusoma?" Sauti ikapanda. "Baba yenu kamsomesha mpaka chuo kikuu, leo wewe ndiye wa kumpa ruhusa ya kusoma?"

Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Angekuwa mtu mwingine ningesema nampigia mbuzi gitaa, lakini ni mama yangu.

Alhamisi asubuhi, kazi imefutwa tena.

Safari hii nilifurahi, maana jina lazima liwepo. Nikawaita, nikawasha skrini kubwa. Kaka akasogea mbele, mikono kiunoni.

Jina lilikuwa langu.

"Alaa! Kumbe ni wewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Halafu nikaona saa. Ni jana jioni, wakati mimi nilikuwa kwa daktari wa meno, nimeachama. Na ruhusa ya kutoka alinipa Kaka mwenyewe.

"Kaka, jana nani alibaki hapa?"

"Mimi. Si ndiye ninayefunga ofisi?"

"Ulifanya nini kwenye seva?"

"Ninachofanya kila jioni tangu Miwani aje. Napandisha kazi iliyo kwenye kompyuta yangu, isije ikapotea. Sasa hiyo mashine yako ikanikatalia, nikaingia na ufunguo wako. Bado ikagoma, nikailazimisha."

Ufunguo wenyewe ni faili dogo tu, seva inanitambua kwa hilo. Mimi nang'olewa jino, yeye analinakili kutoka kompyuta yangu.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Mama. Kasema vya mdogo wangu ni vyangu."

Kila jioni alikuwa anamwaga kazi yake ya zamani juu ya yetu mpya, halafu asubuhi anatafuta mchawi!

Kaka aliitazama skrini, akanitazama mimi. Ilipomwingia, akakohoa kidogo.

"Basi, yaishe. Miwani, kaa tuendelee."

Miwani hakukaa.

"Bosi, ulipodhani ni mimi, nilikuwa nafukuzwa. Umejua ni wewe, yaishe?"

Akachukua begi lake. Nilimfuata mpaka ngazini, namsihi huku shavu limevimba.

"Dada, wewe sina ugomvi nawe," akasema, akashuka.

Nilirudi juu nikairudisha kazi yote, maana seva ilikuwa na nakala ya kila siku. Miwani hakurudi. Niliumia, na mpaka leo naumia.

Mnaotaka kufunga seva zenu, nisikilizeni. Kabla hujapanga nani asome na nani aandike, jiulize kwanza ni nani ambaye kwenu hakuna wa kumkataza. Mimi nilipanga ruhusa za mashine vizuri kabisa. Za ukoo zilishapangwa kabla sijazaliwa.