Sikio la Mbuzi

Juzi, kwenye kliniki moja ya Parklands, daktari alimuuliza dada yangu Wambui anavyojisikia, akamsikiliza hadi mwisho. Ghafla nikahisi harufu ya manyoya ya mbuzi yaliyoungua, nikarudi kimawazo mezani kwetu Kileleshwa.

Utotoni sote tulimchukulia Wambui kuwa mvulana. Mchana ule aliomba sikio la mbuzi, na kwetu mbuzi akichinjwa masikio hupewa wasichana. Anko akamshika taya, akammiminia supu ya kichwa mdomoni.

"Kunywa yote! Itakutoa hiyo tabia ya kisichana."

Akatapika pale pale. Anko akajaza bakuli tena, watu wazima wakiendelea kutafuna. Nami nilimwonea wivu, nikidhani anapendelewa kwa kuongezewa supu.

Ati ile ilikuwa dawa! Supu ile hunichefua hadi leo, lakini si kama ile midomo iliyoendelea kutafuna.