Mzungu Aliyenitangulia kwa Miguu

Miaka ya hamsini, pale Uvira, mzungu niliyemtunzia bustani aliletewa mashine ya kukata majani, ile ambayo dereva anakaa juu kama kwenye trakta. Uwanja wake ulishuka hadi ziwani, umejaa vichuguu na mashimo ya nyayo za viboko. Nasema wale wa ziwani, si vile vya ofisini. Kwa kuhofia visu vya mashine visivunjike, si shingo yangu, akanipandisha mimi, naye akatangulia kwa miguu na fimbo, akionyesha kila shimo: "Hapa! Na hapa!"

Nikakaa. Kwetu kazi ya kukaa ilikuwa ya karani na padri.

Siku ya tatu mama mmoja alipita njiani na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani. Akaniinamishia kichwa kwa heshima zote.

"Jambo, bwana! Huyu muzungu iko boyi yako?"

Kwa bahati mbaya, mzungu alisikia Kiswahili vizuri.

"Shuka!"

Kesho yake alikaa yeye. Fimbo nikashika mimi, nikatangulia, nikimwonyesha kila shimo kwa adabu: "Hapa, bwana. Na hapa, bwana."

Moja tu nililisahau.